Kifaru Kitapita Saa Nne

Jumamosi, 2 Agosti

Nimepoteza usukani. Leo, saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika maegesho ya kanisa letu hapa Mount Dennis, Toronto, kabla safari haijafika hata barabara kuu. Tumekodi gari la kulala, nyumba nzima juu ya magurudumu, mita tisa toka pua hadi mkia. Nilipiga hesabu ya kupita chini ya goli la kikapu: nafasi ya sentimita nne. Hesabu ilikuwa sahihi! Kiyoyozi cha juu ya paa ndicho hakikuwamo.

Kura ikapigwa. Sita kwa moja. Hata mke wangu! Épiphanie alisema, Papa Divin, wewe pumzika tu. Usukani akapewa Polycarp, mwanyumba wangu, aliyemuoa Yvette, mdogo wa mke wangu. Mkenya wa Pickering. Anaendesha trela, anavaa glavu hata kwenye joto. Na mimi, niliyeingia nchi hii na begi moja, leo nina watu kumi na wanne chini yangu kwenye ghala la mizigo Malton, nimepewa kazi ya kumwaga tangi la choo.

Sawa. Tunakwenda Quebec, mji wa kale, kuta na mizinga. Huko wanaongea Kifaransa. Polycarp anajua bonjour. Mimi nimechapwa fimbo za Kifaransa miaka sita kwa mapadri wa Bukavu. Atakayeongea ndiye atakayeongoza. Ngoja!

Jumapili, 3 Agosti

Tumefika. Kilomita mia nane na Polycarp hajagusa hata ukingo. Inaudhi. Ameegesha chini ya ukuta wa zamani kama mtu anayeweka yai.

Mgahawani niliagiza kwa niaba ya wote. Kifaransa safi, chenye tai. Mhudumu akajibu kwa Kiingereza. Nikasisitiza. Naye akasisitiza. Binti yangu Mélissa alicheka mpaka soda ikamtoka puani. Polycarp akauliza kama mkalimani angependa atafutiwe mkalimani.

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi, ushindi! Saa tatu na nusu mlinzi mwenye kizibao cha njano alikuja dirishani akiongea mbiombio. Polycarp akaduwaa. Nikashuka mimi. Lafudhi yake ngumu kama kokoto, lakini neno moja nililidaka mara mbili: char. Na muda: saa nne. Kila aliyesoma Bukavu anajua char ni kifaru cha vita. Mji wa mizinga, unatarajia nini? Nikamshukuru, nikatangaza: saa nne kamili kifaru kitapita hapa!

Polycarp akasema, aisee mwanyumba, bila wewe tungekosa. Nayaandika maneno hayo kama yalivyotoka.

Niliwapanga ukutani, kwenye kona ya mita sitini mbele, simu juu. Watalii kumi na mmoja wakajiunga nasi. Mama mkwe peke yake alibaki kitandani garini. Alisema vifaru aliviona vya kutosha nyumbani.

Saa nne na dakika mbili, mngurumo. Nikapaza sauti: pungeni! Watu kumi na saba tukapunga. Konani likatokea lori la kuvuta magari. Nyuma yake, gari letu. Dirishani mama mkwe, kilemba kichwani, akitupungia kwa adabu.

Jumanne, 5 Agosti

Kwa kumbukumbu. Watu wa Quebec gari la kawaida huliita char. Mlinzi alitaka tuliondoe kabla ya saa nne. Kosa si langu! Ni wao waliochukua neno la jeshi wakalipeleka sokoni kununua vitunguu.

Mama mkwe tulimkuta kwenye yadi ya magari yaliyovutwa, anakunywa kahawa na wafanyakazi. Lori liliposimama alidhani tumeshafika Toronto. Alishusha mizigo yote, yetu na yake, akamshukuru dereva wa lori: anaendesha vizuri kuliko wakwe zake wote wawili.

Wote wawili! Polycarp alinuna hadi Toronto. Mimi nilikuwa napiga hesabu. Kwa kauli ya mama, yeye na mimi sasa ni sare.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetafakari kwa kina. Shida ilikuwa Kifaransa chao. Basi mwakani twende Mexico. Kihispania nimekianza leo kwenye basi la kwenda kazini. Ni Kifaransa kilichotiwa o mwishoni. Kufikia kituo cha Finch nilikuwa nakielewa.

Nimetuma ujumbe huu kwenye kundi la familia:

Polycarp, mwanyumba wangu, salaam. Mama amesema, na mama hapingwi. Kura ya maegesho ya kanisa imefutika. Mwakani usukani ni wangu toka Mount Dennis hadi Mexico: ndiyo au hapana? Usinijibu kwamba tutaona. Usinitumie kidole gumba. Nataka neno moja, kesho Alhamisi, kabla ya saa kumi na mbili kamili jioni.