Tofali Moja Katika Maji ya Kifundoni

Jumatatu, 3 Machi

Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi na shajara hii: leo nimekabidhiwa kijiko kipya. Cha plastiki. Ndicho cha kumiminia rangi katika bwawa la maabara, ambalo mimi ndiye mtunzaji wake. Bwawa lenyewe ni sakafu ya saruji yenye ukuta mfupi, pana kama ukumbi wa harusi, na maji yake hayavuki kifundo cha mguu. Pampu inayasukuma, tunatia rangi, tunaangalia inavyotawanyika. Ndiyo kazi. Mama watoto huwaambia watu nachezea maji.

Habari nyingine, ndogo: Daktari, mkuu wetu, anakwenda kumwaga rangi kwenye maji ya kweli, pale mto unapopanuka kukaribia bahari. Boti ina nafasi ya fundi mmoja. Tuko wawili: mimi na shemeji yangu wa pampu, kaka wa mama watoto. Miaka yote nimeitazama rangi kati ya kuta nne. Nataka kuiona isiyo na ukuta!

Jumanne, 4 Machi

Daktari katoa shindano. Ijumaa kitamiminwa kijiko kimoja cha rangi nyekundu. Kila fundi aweke alama ya chaki kwenye ukuta wa mwisho, pale anapodhani itatokea. Atakayepatia anapanda boti. Shemeji kachora katikati bila hata kufikiri, akarudi kwenye pampu yake akipiga mluzi. Mimi nimechora kushoto. Kwa nini kushoto? Katikati pameshachukuliwa. Shemeji akauliza kama nimeota. Nikamwambia atajua hajui.

Alhamisi, 6 Machi

Nina mpango! Tofali. Nikililaza njiani, rangi itapinda kushoto kama mbuzi aliyeswagwa. Nimelipaka rangi ya saruji. Nani ataliona? Nyumbani nimejitolea kuosha vyombo. Mama watoto akauliza nimevunja nini.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemimina. Rangi ikashuka kama uzi wa kushonea, imenyooka. Shemeji anatabasamu. Ikafika kwenye tofali.

Sijui niandikeje. Uzi ulipinda kushoto, nikataka kushangilia, kisha ukajikunja ukarudi kulia. Kushoto tena. Kila ukigeuka unaacha duara jekundu, pana kama sinia, linajizungusha polepole na kwenda zake. Moja upande huu, moja upande ule, yakipishana kama watu wenye adabu mlangoni. Ndani ya kila duara uzi umejiviringa juu ya uzi, mwembamba kama unywele: nyekundu, maji safi, nyekundu, maji safi. Duara likameza duara. Daktari akanong'ona kwamba maji haya hayana kina cha kupindukia juu wala chini, ndiyo maana hujipindua kwa upana. Shemeji kaiacha pampu yake aje kuona. Mtu ambaye haiachi hata kwa chai!

Ikafika ukuta wa mwisho. Wote! Kushoto, katikati, kulia. Alama zote mbili zimelowa waridi.

Daktari akauliza, kwa sauti ya chini, nani kaweka kitu pale. Nikaona kazi yangu inaota mbawa. Nikauchomeka mkono mfukoni, nikasema ni shemeji. Kabla shemeji hajajitetea, Daktari akamshika bega: kule mtoni kuna nguzo za daraja, na alikuwa akitafuta hasa fundi mwenye mawazo kama hayo. Boti ni yake. Shemeji akanitazama mimi, akalitazama tofali, akasema asante Daktari, hakupenda tu kujisifu.

Msaliti!

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaondoka na kofia yangu ya jua. Mama watoto kafua suruali, kakuta mfuko mwekundu, akauliza tangu lini naficha nyanya. Nikamwonyesha mkono. Kacheka mpaka akakaa chini. Halafu akanipa salamu: kaka yake kapiga simu toka kwenye boti. Rangi imejikunja nyuma ya nguzo, kila duara pana kama uwanja wa mpira, na amekosa mtu wa kumpiga kumbo aone.

Sikula vizuri.

Basi ukweli wa mambo ni huu. Rangi ilipojikunja mara ya kwanza nilijua mpango umeharibika. Wenzangu macho yao yalikuwa mbele. Niliinama, nikalishika tofali, nilisogeze kidogo tu, rangi irudi kushoto. Mkono ukakaa pale pale. Nyekundu ilikuwa inapita kati ya vidole vyangu, na kila kidole kikawa na viduara vyake. Nilisahau kushinda.

Kesho bwawa ni langu peke yangu. Nimeshalipaka rangi tofali la pili. Mtu akiuliza, ni la shemeji.