Nanga Haing'oki Nikiwepo

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Nimelowa hadi sidiria, lakini nimefika.

Binti yangu alikuja kunichukua gatini na kimashua cha mpira. Cha mpira! Kinajazwa upepo kama puto. Nikamuuliza kama hakuna kingine. Akacheka, akaniambia, Mama, panda. Nikapanda kwa makalio huku nimekumbatia mfuko wangu wa unga kama mtoto mchanga. Unga nimetoka nao nyumbani. Unga wa watu wanaolala juu ya maji siuamini.

Ijumaa anatimiza miaka thelathini. Yeye na rafiki zake wametia nanga hapa mbele ya kisiwa, mashua nne, wanangoja sherehe. Kisha Jumapili mashua yao inatweka tanga kwenda visiwa vya huko mbali, mwaka mzima. Mwaka! Amenialika nije nisherehekee na nimuage. Kusherehekea nitasherehekea. Kuaga, tutaona.

Baba watoto aliniambia mlangoni nisiende kuanzisha mambo. Mambo gani? Nimemwacha na kitinda mimba wetu wapikiane, waunguziane sufuria zangu. Mimi niliishia darasa la nne lakini akili ninazo, na nimekuja na mpango. Mpango ni kwamba huyu mtoto haendi popote. Namna ya kuufanya ndiyo bado naitafuta.

Mwenye mashua ni dada mmoja mrefu, mpole, wanamwita Nahodha. Binti yangu ndiye fundi wao wa matanga. Kushona kajifunza kwangu, kwenye cherehani yangu. Haya, jioni akaja bibi mmoja wa mashua ya bluu, jirani, miaka sabini na ushei, anasafiri peke yake, miguu peku, mikono kama ya seremala. Wote wanamwita Bi Nanga. Wote isipokuwa binti yangu. Binti yangu anamwita Mama.

Na mimi nimesimama pale pale!

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nimeamsha mashua zote nne. Si kosa langu. Nilitoka kupiga mswaki, kisiwa hakipo. Jana nilikiacha mkono wa kulia, leo kulia ni maji matupu. Nikapiga yowe kwamba tumeng'oka, tumekwisha, tunapelekwa. Watu wakachomoka na nguo za kulalia. Mmoja alitoka na sufuria, sijui alitaka kuokoa nini nayo.

Kisiwa kilikuwa nyuma yangu.

Nahodha akanieleza taratibu kwamba maji yakigeuka, mashua nayo hugeuka, inazunguka nanga yake kama mbuzi kwenye kamba. Mbuzi nimefuga mimi! Angeniambia jana ningeelewa.

Sasa mpango. Ugonjwa. Mama akiugua, mtoto gani atasafiri? Nikapanga kizunguzungu kianze baada ya chai. Bahati mbaya kizunguzungu cha kweli kikanitangulia. Nimetapika hadi nikasahau jina la shangazi yangu. Kumbe hiyo ndiyo nafasi yenyewe! Nikamshika binti mkono, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayezimika kwamba labda anirudishe nyumbani, akae nami mwezi, miezi, hadi nipate nguvu. Machozi yakamlengalenga. Mambo yakaanza kunoga.

Ndipo akatokea Bi Nanga na kipande cha tangawizi. Eti nitafune, nikae nje, nitazame kule mwisho wa maji. Nikatazama kwa ubishi tu, nimwonyeshe haisaidii. Ikasaidia. Tena haraka, bila hata kunistahi! Mchana nikajisahau, nikaomba wali sahani ya pili. Binti akapiga makofi, akasema unaona, Mama Bi Nanga ni zaidi ya daktari.

Zaidi ya daktari. Haya.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu ndoto. Wakati wa chai nikasema nimeota wimbi kubwa kama nyumba ya ghorofa. Nikatikisa kichwa. Nikanyamaza, neno liwaingie.

Wakafurahi! Kila mmoja akataka kusimulia wimbi lake. Nahodha aliwahi kupigwa na moja likamvua kofia na miwani. Bi Nanga lake lilimletea samaki mzima jikoni, akamkaanga. Tumecheka hadi chai ikapoa. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, nikamwambia asimulie tena pale pa samaki.

Sina msimamo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata!

Nilikuwa nawaza vibaya siku zote hizi. Nahangaika na mtoto, kumbe dawa ni mashua. Nikamwuliza Nahodha, kwa upole wa mtu anayetaka kujifunza, hivi hiyo nanga huinukaje. Maskini, akafurahi kweli. Akanipeleka mbele, akanionyesha mashine ya kuvutia mnyororo, na chuma chake cha kuzungushia, kirefu kama mkono wangu. Akaniambia bila hiki chuma, Mama, hatuendi kokote. Akaniacha hata nikijaribu. Akakirudisha mahali pake mbele ya macho yangu.

Sasa kimo ndani ya mfuko wa unga.

Sijaiba. Kitu kikiwa bado ndani ya mashua ile ile hakijaibwa, kimehamishwa. Binti akikosa safari hii atakasirika siku mbili, tatu, kisha atapata kazi pale karibu na soko, kwenye kibanda cha kushona maturubai, awe anakuja kula kwangu Jumapili. Nimeshawaza hadi kiti atakachokalia.

Nimekula chakula cha jioni bila kumtazama usoni. Aliniongezea kipande chake cha samaki. Kwa nini aliniongezea? Amejua? Hajajua. Ana roho nzuri tu. Hiyo ndiyo shida yake.

Ijumaa, 7 Machi

Thelathini! Nilimzaa jana tu, naapa. Alitoka na nywele nyingi na hasira.

Nilishatangaza kwamba keki ni ya mama mzazi. Nilisema mzazi kwa mkazo, mtu wa mashua ya bluu asikie. Akasikia. Akaja kusaidia hivyo hivyo.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa jiko. Jiko la mashua hii limeninginizwa, linabembea huku na huku kama mtoto kwenye pembea. Nikasema hili limelegea, wataunguzwa hawa watoto. Nikalikaza kwa mwiko na kitambaa, likatulia kimya. Bi Nanga akatoa macho, akasema mwenzangu, hilo halibembei, hilo ndilo limetulia. Sisi ndio tunaobembea. Nikamwambia mimi nimepika miaka arobaini kwenye jiko lililosimama. Akainua mikono juu.

Ugomvi wa pili ulikuwa unga. Nilikuwa nachota mwenyewe, juu juu, kwa tahadhari. Nikageuka kuchukua mayai. Kugeuka tena, mkono wa Bi Nanga umezama mfukoni hadi kiwiko. Akakitoa kile chuma, cheupe pe kama mzimu. Akakitazama. Akanitazama. Nikaangalia mayai.

Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Akanong'ona kwamba wanawe mwenyewe, siku anaondoka mara ya kwanza, walimfichia tanga. Nikamwuliza kwa sauti ndogo, ukafanyaje? Akasema aliondoka na shuka la kitandani, la maua, na lilimfikisha. Akakirudisha chuma mle mle, akakifunika unga, akanawa. Kisha akaniomba nimpitishie sukari.

Sasa sijui kama nimchukie au vipi. Imenivuruga.

Keki ilitoka na mlima. Upande mmoja mnene kama mto wa kulalia, upande mwingine mwembamba kama soli ya kandambili. Nikataka kujitupa majini. Lakini binti yangu alipoiona akapiga ukelele wa furaha, akasema imefanana na tanga lililojaa upepo! Wote wakaitikia, tanga, tanga! Wakachomeka mshumaa mmoja pale kileleni kama mlingoti. Mashua zote nne zikafungwa ubavu kwa ubavu, unatembea kutoka moja hadi nyingine kama vyumba vya nyumba moja. Tukaimba. Tukacheza. Mimi na Bi Nanga tulicheza hadi Nahodha akatuomba tuonee huruma sakafu yake.

Kisha mwenye siku yake akainuka kusema neno. Akalitandaza tanga lao kubwa, akawaonyesha mishono. Akasema huu mshono wa kukunja mara mbili amefundishwa na mama yake, kwenye magoti ya sare za shule, na mpaka leo upepo haujaufungua hata mmoja. Akasema anaposafiri hasafiri peke yake.

Nikasingizia moshi wa mshumaa.

Chuma bado kimo ungani. Nitakirudisha kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Sijakirudisha. Kichwa kinaniuma kwa sherehe. Na Nahodha amekaa pale mbele kutwa nzima akisugua sitaha, mtu atapitaje?

Jumapili, 9 Machi

Niandike upesi.

Asubuhi Nahodha akatafuta chuma. Hakipo. Binti akatafuta. Hakipo. Nikatafuta na mimi, tena mimi ndiye niliyetafuta kuwashinda wote. Nilitazama hadi ndani ya birika. Nikasema ole wao, safari imeharibika, jamani, Mungu amepanga, nani anywe chai? Bi Nanga alikuwa kwenye kimashua chake cha mpira hapo kando, amekuja kunichukua anifikishe gatini. Akaniangalia tu, akawa anatafuna tangawizi.

Nahodha akasema basi, tutavuta kwa mikono.

Sikujua kama inawezekana! Mbona alisema bila hiki chuma hatuendi kokote? Nikakumbusha. Akasema ah, ilikuwa namna ya kusema tu, Mama.

Wakashika mnyororo wawili, yeye na binti yangu. Wakavuta. Jamani, wanavuta vibaya! Huyu anavuta, yule anapumua. Yule anavuta, huyu anateleza. Nikawaambia kwa maneno. Hawakusikia. Nikawaonyesha kwa mikono hewani. Hawakuelewa. Mimi nimevuta maji kisimani tangu utoto, siwezi kukaa nikatazama kamba inavutwa hovyo hivyo. Nikajifunga nguo kiunoni, nikawaambia pisheni, nikashika mbele. Nikaanzisha na wimbo wa kuhesabu. Haya, moja! Haya, nyingine! Mnyororo ukaanza kuja. Unakuja! Watu wa mashua za jirani wakatoka kutushangilia, mama, mama, mama! Nikazidisha. Jasho linatiririka, nacheka, kila mtu anacheka. Mara ikachomoza nanga yenyewe, imejaa tope, na kaa mmoja ameng'ang'ania. Nikaruka juu kwa furaha, nikapiga kelele, imekuja! Nimeitoa!

Ndipo akili ikanirudia.

Nimeing'oa mwenyewe. Kwa mikono yangu hii.

Nahodha akanikumbatia, akasema bila mimi wasingeweza. Nikamwambia najua.

Haikuishia hapo. Binti, kwa heshima zake, akasema mama yake hatabeba mzigo. Akauinua mfuko wangu wa unga amteremshie Bi Nanga. Ukapasuka. Chuma kikadondoka, kikatua kwenye dole gumba la Nahodha. Unga unapepea. Nahodha anaruka kwa mguu mmoja. Mimi natazama kisiwa.

Binti yangu akakaa chini palepale. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anashika mbavu, anashindwa kupumua. Kisha kweli akalia. Akaniambia, Mama, si ungesema tu kwamba unaogopa. Nikasema naogopa. Akasema na yeye anaogopa. Nikamwuliza basi kwa nini aende. Akasema ndivyo inavyokuwa, Mama, anaogopa na anataka, vyote pamoja.

Nikampangusa unga puani. Nikamwambia nenda. Nilisema kwa mdomo wangu. Bi Nanga ni shahidi.

Nikateremka kwa Bi Nanga, wao wakatweka. Tanga likajaa, likafanana na keki yangu. Nimepunga hadi bega likakataa. Bi Nanga akanishikia mkono, akanipunguzia kazi.

Jumatano, 19 Machi

Nyumbani. Binti amepiga simu. Wamefika kisiwa cha kwanza salama, upepo mzuri, dole la Nahodha limepona. Sauti yake ilikuwa inaruka kama ya mtoto aliyepewa ruhusa. Nilitabasamu hadi baba watoto akaniuliza nimeshinda nini.

Mimi sasa ni mtu mwingine. Wateja wanaokuja kwenye cherehani nawaambia wote: mtoto si wa kushikiliwa. Mwachie aende, umtakie heri. Mama mmoja aliyeleta sketi kupunguzwa alilia, akasema nimemfungua macho. Baba watoto aliposikia akavua miwani, akaifuta, akanitazama upya. Nimejisikia mkubwa sana.

Jioni kitinda mimba wetu akaja na habari. Amepata kazi kiwanda cha maziwa, mji wa mbali, siku nzima ya basi. Anaondoka Ijumaa alfajiri. Akanitazama kwa wasiwasi, anangoja mvua inyeshe. Nikamkumbatia! Nikampongeza kwa moyo mweupe. Nikamwambia mama yake amejifunza, aende zake akaone dunia. Baba watoto alikuwa karibu kutoa chozi.

Kisha nikamwambia anipe suruali zake nizitazame, mtu haendi kazini na pindo limelegea. Akaniletea zote, hata aliyokuwa amevaa, amebaki na bukta. Mtoto mzuri.

Nimezifumua zote. Pindo, kiuno, mapaja, kila mshono, zimebaki vipande juu ya meza. Kazi ya kuzirudisha ni kubwa, na haya macho yangu siku hizi hayataki haraka, na foleni ya sare za shule ni ndefu. Labda mwisho wa mwezi. Labda Aprili.

Simzuii. Lakini kiwanda gani kitampokea na bukta?