Hazina Chini ya Mwamba

Jumatatu, 4 Machi
Nimeshtuka. Mkurugenzi kaniita mimi, afisa mawasiliano wa taasisi, kunieleza kwamba Jumamosi wanakijiji wa jirani watakuja kuelezwa mpango wetu. Mpango wenyewe: kuzika taka za nyuklia ndani kabisa ya mwamba, zikae huko maelfu ya miaka bila kumdhuru mtu. Bado hatujazika chochote. Kuna shimo la majaribio tu. Sasa anataka mtaalamu wa miamba ndiye azungumze nao. Yule! Mtu asiyejua hata kuchomekea shati. Nikaomba angalau matangazo niandike mimi. Akakubali huku akitafuta miwani yake.

Jumanne, 5 Machi
Mtaalamu wa miamba kaniletea tangazo alilotunga mwenyewe: “Njooni tuzungumze kuhusu taka za nyuklia.” Nani aache shughuli zake aje kusikiliza habari za taka? Nikamwambia umma hauambiwi mambo kavukavu hivyo. Akajibu kwamba taka ni taka. Ndiyo maana hajaoa.
Mke wangu naye kauliza kwa nini nisiseme ukweli tu. Yeye ni muuguzi, kazoea kuwaambia watu kwamba sindano itauma. Mawasiliano ni taaluma nyingine.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata! Wazo limenijia nikinyoa ndevu, nikajikata. “Chini ya ardhi yenu kuna hazina. Njooni Jumamosi mjionee.” Na si uongo. Kitu kinachofungiwa ndani ya chuma, kikafukiwa, kikalindwa vizazi na vizazi, si hazina hicho? Nimebandika sokoni, zahanati na kwenye bomba la maji. Mkurugenzi sijamwonyesha. Ana mengi.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe kapiga simu. Anaishi karibu na eneo letu, na kwa kawaida mimi ananiita “huyo”. Leo kaniita mwanangu! Kauliza hazina iko upande gani wa uzio. Nikamwambia nyuma, penye shimo. Kauliza tena kama udongo wa huko ni mgumu. Nimeguswa. Sikujua kazi yangu inamvutia kiasi hicho.

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi watu walifurika, nikajipongeza. Kisha nikaona majembe. Sururu. Koleo. Mmoja na toroli. Uzio ulilala chini kabla mlinzi hajamaliza chai yake. Mbele kabisa, mama mkwe, kajifunga kibwebwe, na ukoo mzima wa mke wangu nyuma yake. Nilipowafikia walikuwa wameshachimba hadi magotini.
Nikapanda juu ya gari na kipaza sauti. Nikawafafanulia kwamba hazina ni lugha ya picha. Mtu akauliza ni picha ya nini. Nikarudia yale yale, kwa sauti ya juu zaidi. Mkurugenzi akafika, akasoma tangazo langu mara mbili, akalikunja, akalitia mfukoni. Heri angenitukana.
Mtaalamu wa miamba akaninyang'anya kipaza sauti.
“Ni taka,” akasema. “Taka za hatari. Leo hapa hamna kitu. Tunataka kuzileta, na hatutazileta bila ninyi kukubali.”
Nikafumba macho nikingoja mawe. Hayakuja. Watu walikaa juu ya udongo waliouchimba wenyewe, wakauliza. Maji ya visima je? Nani atazilinda taka hizo sote tukishakufa? Mengine alijibu, mengine akasema bado hajui. Hajui! Mbele ya umma! Na wakamshukuru.
Mama mkwe ndiye aliyemaliza.
“Sisi tumeletwa hapa na karatasi moja tu ya huyo mkwe wangu,” akasema. “Hao watakaozaliwa baada yetu, mtawazuiaje wasichimbe?”
Mtaalamu akakiri kwamba hilo ndilo swali gumu kuliko yote. Hawakukubali, hawakukataa. Wataonana tena.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu kacheka mpaka kashika ukuta. Ghafla akaacha. Akaniuliza ingekuwaje kama kweli kungekuwa na kitu ndani ya shimo lile, na mama yake yuko mbele. Sikulifikiria hilo. Chakula kikanishinda, mpaka jioni.

Jumatatu, 11 Machi
Nilikwenda kazini nikijua nafukuzwa. Sifukuzwi! Matangazo na mikutano amepewa mtaalamu wa miamba. Mimi nitachora kielelezo cha alama ya onyo, ile itakayosimama juu ya mwamba na kueleweka hata na watu wasiojua lugha yetu. Mkurugenzi anasema haina maneno, kwa hiyo siwezi kuiharibu.
Wameniagiza nichore fuvu na mtu anayekimbia. Nimeutazama mchoro mchana kutwa, moyo umeniuma. Mgeni atoke huko mbali, baada ya miaka elfu kumi, halafu apokelewe na fuvu? Nimelifuta. Mahali pake nimechora uso unaotabasamu, na mshale mnene unaoelekea chini.