Ombi la Kijiji Kuandikishwa Kuwa Landrova

Kijiji cha Imajensi, karibu na Manyatta, Embu
Agosti 1955

Kwa Bwana D.O. Mtukufu,

Pokea salamu zangu za unyenyekevu. Mimi ni Gichovi wa Njagi, mwalimu wa darasa la kwanza katika kijiji hiki tulichohamishiwa kwa amri ya Imajensi, yaani Hali ya Hatari, kikazungushiwa handaki. Sina ugomvi na Serikali. Ugomvi wangu ni na Landrova yake, lile gari kuukuu linalolala kambini.

Kwanza, uchaguzi wa maji. Dereva wake, Bwana Roble wa Majengo kule Meru, ni mtu mwema, na ukimuuliza atakwambia: "Mwalimu, hii gari ukiipatia maji ya mto itakufa. Matope inaziba rejeta, injini inachemka, kwisha." Kwa hiyo gari hunywa maji ya mvua tu, kutoka tangi la kambi, na tangi lina askari mwenye bunduki. Chemchemi zetu zilibaki ng'ambo ya handaki. Sisi hufunguliwa lango kwa saa moja tukateke mtoni, chini ya pale wanaponyweshwa ng'ombe waliokamatwa. Binti yangu Kagure anaharisha tangu mwezi uliopita. Rejeta, namshukuru Mungu, haijambo.

Pili, kuoshwa. Kila Jumamosi Bwana Roble hufungua koki ya chini ya rejeta, maji yenye kutu yakatoka yote. Kisha hutia maji yenye magadi, huwasha injini mpaka ipate moto, humwaga, halafu husuuza ndoo baada ya ndoo mpaka yatoke meupe. Magadi hayo huchukuliwa dukani kwetu, na maharage ya wake zetu yamegoma kuiva. Sina uchoyo. Nasema tu kwamba hata tumbo langu halijasuuzwa tangu tuhamishwe.

Tatu, na hili limenichoma moyo. Maji ya mwisho ya kusuuza hutoka safi kuliko yetu. Mke wangu Peninah alikinga sufuria chini ya gari, kwa adabu, bila kuligusa. Askari akayamwaga, akasema hayo ni maji ya Serikali.

Kwa hiyo naomba kijiji kizima kiandikishwe kuwa Landrova. Sifa tunazo: tumechakaa, tunapanda milima, tunabeba mizigo ya kambi, na hatutoki bila ruhusa. Ikiwa hilo ni gumu, basi gari nalo linyweshwe maji ya mto. Haki haina upendeleo.

Nisalimie Memsahib, watoto, mpishi na mbwa. Rejeta nitaisalimu mwenyewe.

Ni mimi mtiifu wako,
Gichovi wa Njagi

Nyongeza: Barua zetu husomwa kwanza langoni. Askari aliisoma hii, akaliona ombi la mwisho kuwa la haki, akajaza rejeta maji ya mto, kisha akanirudishia barua kwa kukosa stempu. Kesho yake Kagure akazidiwa, na gari la kumpeleka hospitali Embu ni hilo moja tu. Lilichemka kwenye mlima wa kwanza, likazima. Sisi tulioyanywa maji hayo hayo mwaka mzima tukalisukuma mpaka Embu, Peninah akiwa ndani na mtoto. Kagure yu hai, amelazwa. Daktari ameagiza apewe maji safi. Bwana, nayafuta malalamiko yote. Gari lirudishiwe maji yake ya mvua leo hii, na magadi, na askari wake. Ijumaa linakwenda kumchukua mwanangu, na kurudi huku ni kupanda tu.