Mkia wa Thwaite

Jumatatu, 4 Machi
Bethan Pugh kachapishwa tena! Makala nzima juu ya vijazio, yaani zile "aa" na "mm" anazojazia mtu akitafuta neno. Ana miaka mitatu tu akifundisha katika chuo chetu hapa Barnsley. Mimi ishirini na mmoja. Na mkuu wa chuo amesema atakayetuletea sifa ndiye atakayepewa idara aiongoze.

Kila siku nafundisha istilahi za Kiingereza cha mitaani. Vijazio, maswali ya mkia kama "au sio?", maneno yanayomezwa nusu. Zote zimebuniwa na wengine.

Saa sita, kantini. Bi Doreen Clegg, mpishi, akaniuliza kama nataka pai na nini na nini. Nikaganda. Sahanini pai tupu! Sasa hiyo "nini na nini" ilikuwa nini? Mkia unaoning'inia mwisho wa sentensi bila kazi. Nimeupa jina langu papo hapo: Mkia wa Thwaite.

Jumanne, 5 Machi
Ushahidi unahitajika. Nimeficha simu ikirekodi ndani ya kikapu cha mikate cha Bi Clegg. Dakika arobaini, nyingi ni mafuta yakichemka. Kisha, dhahabu! Bi Clegg akimwambia msaidizi wake: "Yule Thwaite anashinda hapa kwa kuwa mkewe kamchoka, na nini na nini."

Mkia safi kabisa. Nilishangilia peke yangu garini.

Maana ya maneno yenyewe ilinifikia wakati wa chakula cha jioni. Nikamuuliza mke wangu, Norma, kama kanichoka. Akasema, "Mm." Nikaandika: kiitikio, sauti bapa.

Jumatano, 6 Machi
Nimewatangazia wanafunzi ugunduzi. Keeley, wa kiti cha mbele, akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, huo mkia wa Thwaite tunauona wapi?" Darasa likaanguka kicheko. Ili kuwanyamazisha nikawachezea rekodi. Nilikuwa nimesahau imesema nini.

Wakanyamaza kweli.

Mwisho mmoja akauliza kwa upole kama "kamchoka" ni mfano wa udondoshaji. Nikajibu ndiyo, neno limekatwa kichwa. Somo zuri, kwa jumla.

Alhamisi, 7 Machi
Habari zimefika jikoni. Bi Clegg kanimiminia mchuzi kwenye sahani isiyo na pai. Foleni nzima inatazama.

"Kumbe ni wewe uliyeficha simu kwenye mikate yangu? Aibu, mpenzi, aibu! Ungeniomba tu, ningeongea mpaka ushibe."

Nyuma yangu, na sinia mkononi, nani? Bethan. Akaninong'oneza kwamba mkia huo una jina tangu zamani, huitwa kipanuzi, na umo katika kitabu ninachofundishia, sura ya sita. Nikasema najua. Sura ya sita huwa naruka, ni ndefu.

Kisha likaja la kuniua. Bethan alimwomba Bi Clegg ruhusa tangu Januari. Karekodi jumla ya saa tisa za mazungumzo, kwa chai na biskuti. Mwezi ujao wanakwenda wote wawili kongamanoni Cardiff, na Bi Clegg atapanda jukwaani! Nauli kalipa mkuu.

Ijumaa, 8 Machi
Bethan kapewa idara. Nimetoa hotuba fupi ya kumpongeza. Keeley amenijulisha kwamba nilisema "aa" mara thelathini na moja. Bethan hakucheka. Alinishika mkono, akasema mlango wake uko wazi. Hila gani hii? Nitachunguza.

Jumamosi, 9 Machi
Norma kaweka begi mlangoni. Anakwenda kwa dada yake Whitby. Nikauliza kwa siku ngapi. Akanitazama muda mrefu, macho mekundu.

"Miaka ishirini na sita, Desmond. Maneno yangu yote unayasikia. Mimi hunisikii."

Akabeba begi, akafungua mlango, akasema, "Haya." Kimya, sekunde nne. "Basi." Akaenda.

Nikasimama dirishani mpaka teksi ikakata kona.

Sekunde nne! Katikati ya "haya" na "basi"! Sijapata kuona kituo kirefu hivyo popote. Kituo cha Thwaite!

Nimepiga simu Whitby. Nimemwomba Norma arudie ile "haya" na "basi", safari hii mdomo karibu na simu.