Chakula Kiko Mezani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Binti yangu Lynn amekuja Gilgil na gitaa lake la umeme. Anapiga roki. Huo ndio muziki wake. Mimi nilimsomesha awe wakili. Sasa ametunga albamu peke yake, bila bendi, kwa ajili ya onyesho la dansi litakalofanyika Nakuru Jumamosi. Dansi inahusu nyumba iliyofiwa na mama.

Nikaisikiliza. Gitaa likanguruma kama lori linalopanda mlima wa Mai Mahiu. Kisha kimya. Kisha sauti ya marehemu mke wangu: "Lynn, shakula iko mezani. Kuja ukule."

Iko! Kuja! Ukule! Mbele ya umma! Nami nimefundisha sarufi hadi nikastaafu!

Katika ndoa yetu yote nilimsahihisha kila mlo. Kiko, Mama Lynn. Naye kila mlo alicheka: basi kula hiyo kiko yako, mwalimu.

Nilimwambia Lynn aiondoe sentensi hiyo. Alikataa. Alisema mama yake hakuacha sauti nyingine ila huo ujumbe wa simu, na wachezaji huinuka wakisikia "kuja". Kisha akaniomba niketi kando yake siku ya onyesho. Tangu mazishi hajawahi kuniomba kitu. Nilikubali upesi mno. Aliondoka akitabasamu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango! Nimejirekodi: "Lynn, chakula kiko mezani. Njoo ule." Sauti safi, ya darasani. Jogoo wa jirani akawika katikati ya "kiko". Nikarudia chini ya blanketi. Nusura nikose pumzi, lakini upatanisho wa kisarufi ulikuwa kamili.

Jumatano, 5 Machi

Nilimwalika Kipruto, fundi wa sauti wa onyesho, tukale nyama choma Kikopey. Aliniita boss. Alikula mbavu zake, akamaliza na zangu. Nikamweleza kwamba Lynn anataka sentensi moja ibadilishwe. (Angetaka, kama angeijua sarufi.) Alicheka hadi akapaliwa na kachumbari. Aliniuliza: kwani mzee, mtu akisema iko, chakula inakataa kuliwa? Nikatoa simu yangu. Sauti yangu aliipokea kwenye simu, akaahidi kuipanga. Ushindi! Nilirudi nyumbani na njaa.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulijaa. Nilivaa tai aliyoninunulia mke wangu. Taa zilipozimwa, Lynn alinishika mkono. Hakuwa amenishika mkono hata kaburini. Hapo nikaanza kumwombea Kipruto awe mwongo.

Hakuwa mwongo.

Wachezaji walikuwa wamelala sakafuni, jukwaa zima. Gitaa likanyamaza. Ikatoka sauti yangu: "Lynn, chakula kiko mezani. Njoo ule."

Hakuna aliyeinuka. Walikuwa wakiingoja "kuja". Mmoja aliinua kichwa, akakilaza tena. Nyuma yangu mama mmoja alimnong'onezea mwenzake: huyo ni nani, ni polisi?

Mkono wa Lynn ukatoka mkononi mwangu. Hakunitazama. Alisimama palepale gizani, akapaza sauti kwa lafudhi ileile ya mama yake: "Shakula iko mezani! Kuja ukule!"

Wakainuka wote. Watu wakalia. Nami nikajikuta nimesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa kutoka shambani. Sijui ni nani aliyeniita. Nilipogeuka, kiti cha Lynn kilikuwa kitupu.

Nilimngoja mlangoni. Kipruto alisema Lynn alitokea mlango wa nyuma. Hakuniita boss.

Jumapili, 9 Machi

Lynn hakupiga simu. Ametuma sauti ya mama yake tu, bila salamu. Sijui kama ni zawadi au ni adhabu.

Nilipika githeri ya mahindi na maharagwe. Niliandaa sahani mbili, mazoea. Simu nikaiweka upande wa mke wangu mezani, nikabonyeza.

"Lynn, shakula iko mezani. Kuja ukule."

"Kiko," nikasema.

Nikangoja anicheke. Labda hakunisikia. Nikabonyeza tena.

"Kiko, Mama Lynn. Kiko."

Nikangoja. Chakula kikapoa.