Marashi Yangu na Kichupa cha Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu ananyonyesha. Amekubali kuingia kwenye utafiti pale kliniki. Mtafiti, dada mpole mwenye miwani, ametueleza: titi la mama hujijenga upya tangu mimba mpaka mtoto aache ziwa. Sasa zipo kemikali, za plastiki na za marashi, zinazojifanya homoni. Mwili unazifungulia mlango kama wageni walioalikwa. Wanataka kujua zinalifanyia nini titi wakati huo. Kazi yangu ni moja: kesho nipeleke kichupa cha mkojo wa mke wangu nikielekea dukani kuuza magodoro. Kazi rahisi.

Jumanne, 4 Machi
Kichupa kimemwagika. Kifuniko kililegea wakati najitazama kwenye dirisha la duka la viatu. Kurudi nyumbani haiwezekani. Mama mkwe yupo. Husema binti yake ameolewa na harufu, mume hamuoni. Nikaingia choo cha kliniki, nikakijaza mwenyewe. Mkojo ni mkojo. Na siku ya ndoa tuliambiwa sisi ni mwili mmoja.

Ijumaa, 14 Machi
Mtafiti kapiga simu. Kemikali za marashi kwenye mkojo wa mke wangu zimewapita akina mama wote. Mke wangu hajipaki hata poda! Mimi ndiye ninayejipulizia shingoni, kifuani, na kidogo kwenye soksi. Godoro haliuzwi na mtu anayenuka jasho. Nikanyamaza. Mama mkwe hakunyamaza. Alisema sumu inatoka kwangu, inamrukia mwanawe. Alikaribia kupatia.

Jumamosi, 15 Machi
Msako. Marashi yangu yote yametupwa. Mafuta ya nywele, pia. Na bakuli la plastiki ninalopashia chakula. Niliokoa chupa moja, ile ya bluu, nikaificha katikati ya nepi safi. Anayebadilisha nepi ni mama mkwe. Hilo sikulifikiria.

Jumatatu, 17 Machi
Nimemkuta mke wangu anamnyonyesha mtoto huku machozi yanamtoka. Akaniuliza, "Baba Mtoto, namlisha mwanangu sumu?" Mtafiti alishamwambia asiache kunyonyesha, lakini kopo la maziwa ya unga liko mezani tayari. Nilitaka kusema. Mdomo ukafunguka. Kilichotoka ni kwamba mitambo hukosea, wapime tena. Safari hii amepeleka kichupa mwenyewe.

Ijumaa, 28 Machi
Majibu: kiwango chake kiko chini kabisa. Kopo limefungiwa kabatini. Nilidhani nimepona. Kumbe mtafiti amefurahi kupita kiasi. Anasema kushuka namna hii ni jambo la kuandikwa, akina mama wengine waelezwe tulichofanya nyumbani. Mama mkwe, shujaa wa msako, ameanza kutunga hotuba. Maji yakazidi unga. Nikamvutia mke wangu jikoni, nikamwambia yote.
Akauliza: "Kwa hiyo nimelia siku zote hizo kwa mkojo wako?"
Nikasema ndiyo.
Akamwita mama yake, nikarudia. Tukaenda kliniki, nikarudia mbele ya mtafiti. Kila nikikisimulia, kisa kinazidi kuwa cha kijinga.
Sasa nalala sebuleni, kwenye mkeka. Muuza magodoro.

Jumanne, 8 Aprili
Mtafiti hakunifukuza. Ameniweka kwenye kundi la akina baba, kwa sababu marashi ya baba humfikia mama wanapokumbatiana. Leo katuonyesha ukutani mchoro wa vipimo vyetu vya marashi. Kila baba ni nukta, hakuna majina. Nukta zote zimebanana chini kama kuku kwenye mvua. Moja iko juu, peke yake. Nikajua ni mimi. Kifua kikajaa fahari.
Halafu nikaona nyingine inainyemelea. Pembeni yangu baba mmoja, kinyozi, alikuwa anatabasamu, ananukia mpaka macho yananiwasha.
Mtafiti katuomba tupunguze marashi kwa ajili ya wake zetu. Tutapimwa tena Ijumaa. Sote tukaitikia kwa heshima. Mimi nikapitia duka la marashi, nikanunua chupa mbili kubwa. Mke wangu hatadhurika, maana bado sijaruhusiwa kumsogelea.
Kinyozi atanitambua Ijumaa.